Kutazama si Kuhani

Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, ubavu wa Mlima Hanang ulioshiba maji ya mvua ulimeguka, ukawashukia watu wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom, kwa matope, mawe na magogo. Walikufa watu zaidi ya 80. Nchi hiyo ya Hanang na Mbulu wengi wetu wa pwani twaijua kwa vitunguu saumu tu.

Habari ilitufikia barazani, mkononi mwa kila mmoja. Tukaona matope, tukaona na maiti asiyefunikwa. Tukasema "Innaa lillaahi", kila mmoja akamrushia mwenziwe. Kisha kidole kikapanda mara moja tu: maiti akaondoka, akaja mchekeshaji, tukacheka. Nami nilicheka.

Wako watakaoniambia kwamba simu ni neema, imetukutanisha na walio mbali. Sikatai. Wako waliopeleka mchango kwa simu hiyo hiyo, na Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini sisi tuliotazama na kurusha, tulimhani nani? Muosha maiti katika dini yetu huosha chini ya shuka, na akiona aibu huinyamazia. Seuze sisi tusiokuwapo, tunaomfunua mtu kwa maelfu! Lau angekuwa ni mamako, na habari ya kifo chake ukaipata hivyo?

Na moyo nao una kiasi chake. Zamani msiba ulimjia mtu pamoja na kazi: kuchimba kaburi, kuteka maji, kupika, kulala matangani. Kazi ile ilimliwaza mfiwa, ikamtuliza na aliyekuja kumhani. Leo twaletewa misiba kumi kwa saa moja, ya Hanang, ya Gaza, ya Sudan, wala mkono hauna la kushika. Huzuni ya namna hii ama hugeuka wasiwasi, mtu akakesha macho makavu, ama hugeuka ugumu wa moyo, akacheka kama tulivyocheka.

Siku zile zile mama mmoja mjane, ukuta kwa ukuta nasi, alilala na homa siku tatu. Jina la Gendabi tulilijua. Kwamba jirani yetu hajapikiwa hatukujua. Aliyetwambia ni mtoto aliyekuja kuomba chumvi.

Basi baina ya Magharibi na Isha simu ziingie kabatini, nyumba nzima. Na aanze baba, kwani sisi akina baba ndio hodari wa kuwakemea watoto na simu i mkononi. Picha ya maiti ikikufikia, ifute, uwaombee subira wafiwa, kisha vaa viatu ukabishe hodi mlango wa pili.

Yule mama amekwisha pona. Nilipokwenda kumuangalia aliniuliza kama ni kweli mlima umeanguka huko bara. Yeye hana simu. Nikamsimulia, akalia mpaka uji ukapoa.