Tusiape Kabla ya Kuona

Vijana wapendwa,

Kwa majuma kadhaa sasa, kila mkutano wenu unapokwisha, tunawasikia mkiulizana: «Wewe ni wa Dola, ama ni wa Stormcloak?» Mwanzoni tulidhani ni mzaha. Kisha tukaona vijana wawili, waliozoea kuimbia kitabu kimoja cha nyimbo, wakikataa kuketi benchi moja. Hapo tukajua kwamba yatupasa kusema neno.

Hatuji kuushutumu mchezo. Wamo walezi wenzetu wanaotaka kila mchezo wa video utupwe nje ya ua wa parokia. Sisi tumeketi nyuma yenu jioni nyingi, hata mafuta ya jenereta yakaisha, tukatazama. Skyrim, iliyotolewa na kampuni ya Bethesda mwaka 2011, ni kazi ya watu waliofikiri. Tunachokipinga ni wepesi wenu wa kuapa.

Kwa wasioujua: nchi ya Skyrim imo vitani, ndugu kwa ndugu. Ulfric Stormcloak, mtawala wa Windhelm, amemwua mfalme mkuu Torygg, naye ataka nchi ijitenge na Dola. Jenerali Tullius ametumwa kumzima. Kiini cha ugomvi ni mkataba ambao Dola iliutia sahihi miaka 26 kabla, ili kumaliza vita vikuu na Thalmor, watawala wa Waelfi. Mkataba huo wakataza ibada ya Talos, ambaye Wanordi, wenyeji wa nchi, humwabudu. Mchezaji aweza kujiunga na upande huu au ule, au asijiunge na wowote.

Tuliwauliza mlivyochagua. Wengi mlijibu: «Huyu ndiye aliyenikata kamba.» Kumbukeni basi mwanzo wenyewe. Mwapelekwa Helgen garini, mikono imefungwa, mkatwe vichwa. Joka lashuka, mji wateketea, na vijana wawili wawaita mkimbie nao, Hadvar wa jeshi la Dola na Ralof wa Stormcloak. Mkamfuata mmoja, kwa kuwa moshi ulikuwa mwingi na mlango ulikuwa karibu. Huo ndio uchaguzi wenu! Nao Hadvar na Ralof ni wana wa kijiji kimoja, Riverwood. Mjomba wa mmoja ni mhunzi, dada wa mwingine ana kiwanda cha mbao, na kutoka nyumba hii waweza kumwita mtu wa nyumba ile. Mlikula katika nyumba moja mkadhani mmeijua nchi.

Wengine walitaja mavazi ya vita. Hao tunawapita.

Wako waliojibu kwa uzito zaidi. Mmoja alisema: nchi ni ya wenyeji wake, na dini yao isipigwe marufuku na mgeni. Mwingine: pasipo Dola, Thalmor watawameza wote. Hoja hizi zina nguvu, wala hatuzidharau. Lakini wote wawili tuliwauliza kama walitembea katika miji mikuu ya pande hizi kabla ya kuapa, nao wakanyamaza.

Ingieni Windhelm kwa miguu. Jambo la kwanza mnaloliona ndani ya lango ni wanaume wawili wakimzingira mwanamke wa Kidunmeri, wakimwita mpelelezi. Watu wake wanasongamana katika Mtaa wa Kijivu. Asili yao ni nchi iliyoharibiwa na mlima wa moto (wasomaji wetu wa Goma hawahitaji maelezo). Waargonia, wale wenye ngozi kama ya mijusi, hawaruhusiwi hata kulala ndani ya kuta. Hukaa gatini na kubeba mizigo. Mtawala wa mji ni yuleyule anayedai haki ya watu wake.

Kisha ingieni Solitude, mji wa Dola. Hapo mnakuta mtu anakatwa kichwa kwa sababu alimfungulia Ulfric lango, na katika umati mtoto wa kike anasihi mjomba wake asiuawe. Nje, barabarani, watu wa Thalmor wanawaburuta wafungwa wa dini, na Dola yatazama pembeni.

Tena iko karatasi. Imo katika ubalozi wa Thalmor, nanyi mwapita hapo katika hadithi kuu. Mwaikota, mwaiuza, hamwisomi. Yaeleza kwamba Ulfric aliwahi kuwa mateka wao, na kwamba wao wanamhesabu kuwa chombo chenye faida. Hawataki ashinde, wala hawataki ashindwe upesi. Wanataka vita viendelee. Aliyeapa kwa Ulfric na aliyeapa kwa Tullius wote wanamtumikia bwana wa tatu ambaye hawakumwapia.

Mtatuambia: «Mwalimu, ni mchezo tu.» Ndiyo. Lakini katika nchi yetu tumewaona vijana waliomfuata wa kwanza aliyewapa chakula njiani, wakaitwa askari kabla ya kujua wanapigana na nani na kwa faida ya nani. Msitutake tucheke mnapolizoea jambo hilo kwa vidole.

Aliyekataa kuapa naye hanawi mikono. Hadithi yamfikisha juu mlimani, High Hrothgar, pande zote mbili zikiketi meza moja kutafuta kusimamisha vita. Elenwen, balozi wa Thalmor, naye amekuja kuketi. Ulfric adai atolewe, na ni mchezaji anayeamua. Kisha miji yabadilishwa kama mbuzi sokoni, Markarth kwa Riften, wala hakuna aliyewauliza wakazi. Amani hiyo yaumiza, nayo ni ya muda tu. Hata hivyo sisi tungeketi pale, tukijua kila jina mezani, kuliko kuapa Windhelm au Solitude tukiwa vipofu.

Wawili kati yenu, tunasikia, wangali na Taji la Meno mkobani, hawajalikabidhi kwa jemadari yeyote. Mpaka hapo mchezo waruhusu kugeuka. Jumamosi tutaleta mafuta ya jenereta. Wapitie kwanza Mtaa wa Kijivu, na karatasi ile isomwe kwa sauti, wote wasikie.