Si Kila Anayetumia ni Mraibu

Katika makambi yetu na katika vituo vya polisi imeingia tabia ya kuwatia watu watatu katika kapu moja. Mwenye kumeza dawa aliyoandikiwa na daktari, mwenye kulewa chakari kila upokewapo mshahara, na mwenye kutetemeka asubuhi mpaka apate tone la pombe, wote huitwa kwa jina moja la dharau, nalo siku hizi ni "teja". Sisi tunaona hatuna budi kulimwaga kapu hilo na kuwatenga waliomo, madhali askari na polisi ndio wa kwanza kukutana na watu hao, aghalabu usiku, na aghalabu pasipo daktari karibu.

Na tuanze hapa hapa Kibagabaga. Hospitali ya Kibagabaga, katika wilaya ya Gasabo, ni miongoni mwa zile zilizotangulia nchini kuwatuliza wagonjwa wenye saratani na maradhi mengine yasiyo na tumaini la kupona. Dakta Christian Ntizimira, aliyepata kuwa mkurugenzi wake, anajulikana kwa kuipigania huduma hiyo na kwa kuwahimiza madaktari wenzake waache kuiogopa mofini. Mofini hutokana na afyuni, nayo ni ndugu wa damu wa heroini. Hata hivyo Serikali yetu iliweka sera ya huduma hiyo mwaka 2011, na mofini ya maji, ya kunywa kwa kipimo, hutengenezwa humu humu nchini. Majirani zetu wa Uganda walikuwa wamekwisha kutangulia: Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na silaha yake kubwa dhidi ya maumivu ilikuwa dawa hiyo hiyo.

Askari amwonaye mama yake akipewa dawa hiyo kila baada ya saa nne huingiwa na hofu kwamba mzee amegeuzwa mlevi katika siku zake za mwisho. Hofu hiyo haina msingi. Hayo ni matumizi: ipo sababu, kipo kipimo, ipo saa, na yupo mtu anayesimamia. Hata mwili ukiizoea dawa, na ukalalamika inapokatizwa ghafla, jambo hilo peke yake si uraibu. Ndiyo maana daktari huipunguza kidogo kidogo. Wala tofauti hii si ya vitabuni tu. Mpiganaji aliyevunjika paja, akakataa dawa ya maumivu kwa kuchelea kuchekwa na wenziwe, halali usiku wala hawezi mazoezi ya kuunyosha mguu, na hukawia kurudi kikosini. Ujasiri wa namna hiyo hatuusifu.

Matumizi mabaya ni habari nyingine, nayo ndiyo iliyo nyingi zaidi kati yetu. Ni yule anayekunywa chupa moja Kimironko jioni, kisha ya sita, kisha akaendesha gari. Ni yule aliyebakiza vidonge vya maumivu baada ya jeraha kupona, akavimeza ili akeshe lindoni bila kuchoka, au akampa mwenzake. Ni yule anayepokea kichupa cha kanyanga kwa mtu aliyetumwa kumkamata, ilhali sheria inaihesabu kanyanga miongoni mwa madawa ya kulevya. Uchunguzi wa Wizara ya Afya ulionyesha kuwa idadi ya wanywaji wa pombe nchini ilipanda kutoka asilimia 41 mwaka 2013 hadi asilimia 48 mwaka 2022. Si wote hao wanaoitumia vibaya, walakini uwanja umepanuka.

Mtu wa namna hii bado ana hatamu mkononi. Akiambiwa kwamba kesho kuna gwaride la ukaguzi, hunywa kidogo au hanywi kabisa. Akitishwa kupoteza cheo, hujirudi. Kwake yeye nidhamu ya kijeshi ni dawa ya kutosha, na kamanda anayempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ati kwa kuwa ni mpiganaji hodari, anamdhuru. Kosa lake ni la mwenendo, na liadhibiwe kama kosa la mwenendo.

Wa tatu ndiye anayetushinda. Zamani neno uraibu lilikuwa jepesi kwa watu wa pwani. Lilikuwa ni tambuu na tumbaku anayokaribishwa mgeni barazani. Leo linabeba mzigo mzito. Orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inatazama mambo matatu: mtu ameshindwa kujizuia, kilevi kimetangulia mbele ya kazi, watoto na afya yake, na mwili wenyewe umebadilika hata ukadai zaidi, au ukaugua unaponyimwa. Mawili kati ya hayo, yakiendelea, yatosha kumhesabu mtu kuwa mgonjwa. Hapa gwaride la kesho halimzuii tena. Tumewaona watu wakivuliwa vyeo viwili mfululizo na jioni ile ile wakalewa.

Hapa ndipo ujinga wetu unapoweza kuua. Watu wengi hudhani kwamba kunyimwa heroini, ile hali ambayo watumiaji wa pwani huiita arosto, ndiyo hatari kuliko zote, kwa kuwa mtu hulia, hutapika na kujikunyata. Kwa mtu mzima mwenye nguvu arosto kwa kawaida haiui, maadamu anapata maji ya kunywa. Pombe ndiyo yenye hila. Mlevi wa miaka mingi akifungwa ghafla katika chumba cha walinzi au mahabusu, huanza kutetemeka katika siku ya kwanza. Huweza kuanguka kifafa kabla siku ya pili haijaisha. Na baina ya siku ya pili na ya nne huweza kupandwa na homa, akaona wadudu ukutani, asimjue aliye mbele yake. Askari wa zamu humwona amerukwa na akili au anajisingizia, akamwacha alale, na mtu huyo huweza kufa. Huyo ni wa kupelekwa hospitali mara moja, hata kama kosa lililomleta ni kubwa. Yuko na mwingine: mvutaji wa heroini aliyekaa ndani majuma matatu, mwili wake ukasahau sumu. Siku anapofunguliwa, akirudia kipimo chake cha zamani, kipimo hicho hicho huweza kumzimisha pumzi.

Je, mraibu hupona? Historia ya majeshi ina jibu linaloshangaza. Mwaka 1971 jeshi la Marekani lilianza kupima mkojo wa askari wake kabla hawajapanda ndege kutoka Vietnam. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliorejea Septemba ya mwaka huo, akakuta kwamba karibu mmoja kati ya kila watano alikuwa ametekwa na heroini au afyuni huko vitani. Viongozi wao waliogopa kwamba miji yao ingejaa waraibu wenye ujuzi wa bunduki. Haikuwa hivyo. Katika mwaka wa kwanza nyumbani, ni kama asilimia 5 tu ya hao waliotekwa walioingia tena katika uraibu. Kwa miaka mitatu, asilimia 12.

Wapo wanaoichukua habari hii kudai kwamba uraibu ni uvivu tu. Hatukubaliani nao. Walichokiacha askari wale ni mahali, yaani muuzaji aliyekuwa mlangoni, heroini iliyokuwa rahisi, na siku za woga na uchoshi zisizokwisha. Kwa maoni yetu, kamanda mwenye mraibu kikosini hana budi kujiuliza kwanza mtu huyo analala wapi, na nani, na nani anamuuzia. Kumhamisha kituo bila matibabu ni kumhamisha pamoja na maradhi yake. Kumtibu kisha kumrudisha kwa muuzaji yule yule ni kazi bure.

Matibabu yapo. Hospitali ya Ndera, iliyo katika wilaya hii hii ya Gasabo, imekuwa ikiwapokea wagonjwa wa akili tangu mwaka 1972, na waraibu wamo. Huye kuna kituo cha Isange. Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa waraibu wa heroini methadoni mwaka 2011. Hata sheria yetu ya makosa na adhabu ya mwaka 2018, katika kifungu cha 263, iliweka mpaka: kwa anayetumia, kifungo cha mwaka mmoja hadi miwili, au badala yake kazi za manufaa ya jamii, kwa anayefanya biashara ya madawa makali kama heroini, kifungo kinaweza kufika maisha. Shauri ni la hakimu. Walakini hakimu huamua kwa maandishi yanayotoka kituoni, na daktari vile vile. Kwa hiyo afisa wa zamu anayeandika kitabuni "amelewa" na kufunga kitabu, aongeze mistari miwili: amezoea kunywa au kuvuta nini kila siku, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi.