MOSHI WA MAJIKO YA UMMA UKOMESHWE

Wako watu wanaodhani kwamba hewa chafu ni balaa la miji mikubwa yenye viwanda na msongamano wa magari, na kwamba mji kama Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, ulio chini ya mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, hauna sababu ya kuhofu. Dhana hiyo ni potofu, na tena ni ya hatari.

Mapafu hayaulizi moshi umetoka wapi. Moshi wa kuni, kama ule wa lori, hubeba chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo hupita puani, hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Matokeo yake ni nimonia kwa watoto wadogo. Na kwa watu wazima ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, saratani ya mapafu, maradhi ya moyo na kiharusi.

Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80, na Taifa zima likasimama pamoja na wananchi wa Katesh. Ilistahili kuwa hivyo. Lakini moshi hauji kwa kishindo. Serikali imekadiria kwamba hewa chafu itokanayo na upishi huua Watanzania wapatao 33,000 kila mwaka. Hao huzikwa mmoja mmoja, na kila msiba huhesabiwa kuwa ni wa nyumba moja tu.

Mji wa London ulizinduka baada ya maafa: moshi wa makaa ya mawe wa Desemba 1952 uliua maelfu ya watu, na sheria ya hewa safi ikapitishwa mwaka 1956. Tanzania haina haja ya kungoja funzo la namna hiyo. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia Januari 2024. Na Mkakati wa Taifa uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Maagizo yapo. Linalotakiwa ni utekelezaji.

Ni kweli kwamba gesi na majiko yake ni gharama, na mwalimu mkuu hawezi kuibeba peke yake. Kwa hiyo halmashauri hazina budi kuitengea fedha katika bajeti, kama zinavyotenga za madawati. Lakini yapo yasiyongoja fedha: kuni zikaushwe kabla ya kuwashwa, jiko lipate dohani na madirisha, na taka zisichomwe katika viwanja vya shule na ofisi.

Mwalimu anayefundisha somo la upumuaji huku moshi wa jiko la shule ukiingia dirishani, anakanushwa na jiko hilo hilo. Na mpishi aliyeinama juu ya mafiga tangu alfajiri, akikohoa ili watoto wa wenzake wale, naye ni mwananchi. Afya yake ni dhamana ya wale anaowapikia na wanaomsimamia.