Mchezo Uupendao Usimwachie Mtoto Ukaondoka

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, tumeona tulizungumze jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, ilhali limeingia katika nyumba zetu za Tabora, kuanzia Ng'ambo na Gongoni hadi Isevya na Kiloleni. Nalo ni gemu za video. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, na waliokuwa wanafunzi ilipoenea, leo ni akina baba, akina mjomba na akina shangazi. Wengi wao bado wana gemu moja waipendayo, aghalabu ya mpira wa miguu, na zinapofika siku za Idi au likizo hutamani kuwaonjesha wapwa zao ladha ile ile.

Hapo ndipo mzozo huanza. Babu husema ni upuuzi, upigwe marufuku. Mama hushukuru kwamba angalau mtoto katulia. Mjomba naye huwasha mashine, humkabidhi mtoto, kisha huenda zake. Rai yetu ni kuwa kila mmoja kati ya hawa ameacha kitu muhimu. Mchezo unaopendwa na mkubwa waweza kuwa zawadi njema kwa mdogo, kwa sharti moja: anayeutoa aketi naye.

Dini yetu haikuja kuwanyima watoto michezo. Imepokewa na Imamu Bukhari kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na vinyago vyake vya kuchezea, na wenziwe walipojificha kwa haya baada ya Mtume (s.a.w.) kuingia, yeye mwenyewe aliwarudisha wacheze naye. Imepokewa pia kwamba alimsitiri Bibi Aisha huku akiwatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki msikitini, asiondoke mpaka Bibi Aisha atosheke. Naye Imamu An-Nasai amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alirefusha sijida kwa kuwa mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, wala hakupenda kumharakisha. Tuzingatie jambo moja katika visa hivi vyote vitatu. Mkubwa alikuwapo. Hakuruhusu kwa mbali. Aliruhusu akiwa karibu, kwa subira.

Wazee wetu nao walilijua hili katika bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezo wenyewe si mwepesi. Huanza kwa kunamua, mchezaji akiingiza kete za mkononi moja moja, kisha kete za mkononi zikiisha huingia mtaji. Mtoto hawezi kuyafahamu haya kwa siku moja. Kwa sababu hiyo likawapo bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili na mchezo huanza moja kwa moja, bila kete za mkononi. Hebu tutafakari hekima hiyo. Waliokuwa mabingwa hawakumfukuza mtoto barazani, wala hawakumtupa katika mchezo wa watu wazima. Walimwekea ngazi ya kupandia. Mtoto aliketi kando, akatazama, akaokota kete zilizoanguka, akajifunza kunyamaza wakubwa wanapofikiri. Siku aliposhindwa alicheka nao, na siku aliposhinda alikatazwa kejeli. Kwa hiyo alipolijua bao, alikuwa amekwisha kuijua na adabu ya baraza.

Tena sisi wa Tabora tuna mfano mwingine ulio karibu zaidi. Mji huu ulikuzwa na njia ya misafara. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, waliwakuta hapa wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Pwani wameshaweka makazi. Njia ile, kutoka Bagamoyo kupita Mpwapwa hadi hapa na kuendelea Ujiji, ilibeba pembe za ndovu na ilibeba wanadamu waliotiwa utumwani. Hatuipambi kwa maneno matamu. Lakini Wanyamwezi waliokuwa wapagazi katika njia hiyo walikuwa na utaratibu wa malezi unaostahiki kukumbukwa. Kijana hakuachwa aende Pwani peke yake. Alifuatana na baba yake au mjomba wake, akapewa mzigo mwepesi kulingana na umri wake, na mbele yao alitangulia kirangozi aliyeijua njia. Kwa kutembea nao alijifunza maji yako wapi, kambi hupigwa wapi, na mtu huombaje ruhusa ya kupita katika nchi ya mtemi mwingine.

Sasa tujiulize: mtoto tunayempa gemu na kumwacha, kirangozi wake ni nani? Jibu ni kwamba kirangozi wake ni yeyote atakayemkuta huko. Na mahali pa kwanza anapoelekea, mashine ya nyumbani ikikosekana, ni kibanda cha gemu cha mtaani.

Hatusemi kila kibanda ni kiovu. Wapo wenye vibanda waungwana, wanaomrudisha shule mtoto aliyevaa sare. Lakini iko ada moja iliyozoeleka huko ambayo wazazi wengi hawaijui, nayo ni kwamba anayefungwa ndiye anayelipia mchezo wa wote wawili. Watoto huiona kuwa ni haki tupu. Ndugu zetu, tuipime kwa mizani ya sheria. Watu wawili wanaingia mchezoni, kila mmoja yumo katika hatari ya kupoteza fedha zake au kusalimika kwa kutegemea matokeo. Hii ndiyo sura ya kamari, ambayo Allah (s.w.) ameiharamisha katika Surat al-Maida, aya ya 90 na ya 91, na akataja kwamba kwayo shetani hutia uadui na chuki kati ya watu. Fedha ni kidogo, ndiyo. Lakini mazoea hayana udogo. Mtoto aliyezoea kuwa aliyeshindwa hulipa, kesho hataona ajabu kwa kijana anayebashiri mechi katika simu.

Na hapa ndipo zinapoonekana manufaa ya mjomba. Mjomba akifuatana na wapwa zake, akalipia michezo yote mwanzoni kutoka mfukoni mwake, ile sura ya kamari imeondoka. Hakuna anayepoteza wala anayefaidi. Imebaki burudani na karimu ya mkubwa. Tendo moja dogo limewafundisha watoto hukumu ya fiqhi ambayo pengine wasingeishika kwa hotuba kumi.

Mlango wa pili wa kamari umo ndani ya gemu zenyewe, na huu hata wajomba wengi hawaujui, kwa kuwa gemu za ujana wao hazikuwa nao. Katika baadhi ya gemu za sasa, zikiwamo za mpira, mchezaji huuziwa pakiti iliyofungwa bila kujua ndani atampata mchezaji gani. Hulipa kwanza, kisha hubahatisha. Ubelgiji, nchi isiyohukumu kwa Qur'an, mwaka 2018 mamlaka yake ya kusimamia kamari iliamua kuwa pakiti za namna hii ni kamari, na mwaka 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo katika gemu yake ya FIFA. Ikiwa wao wamelitambua, sisi tunaoisoma Surat al-Maida tuna udhuru gani wa kumwachia mtoto simu yenye salio bila kuitazama?

Jambo la tatu ni wakati. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu katika orodha ya kimataifa ya maradhi, orodha iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Alama zake ni tatu: mtu kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea nayo hata madhara yanapoonekana, na kwa kawaida hali hiyo huangaliwa kwa miezi 12 kabla ya kuhukumiwa kuwa ni maradhi. Kwa hiyo si kila mtoto anayependa gemu ni mgonjwa, na tusiwatie watoto majina wasiyostahiki. Lakini kipimo tulichonacho sisi ni cha karibu zaidi, kwani hutujia mara tano kila siku. Adhana inapoadhiniwa, je, mkono unaacha? Mtoto atajifunza kuacha kwa kumwona mjomba akiacha, mechi ikiwa katikati na yeye akiwa anaongoza. Mjomba asiyeacha, maneno yake yote kuhusu sala yatakuwa upepo.

Sheikh Yusuf al-Qaradawi, alipoizungumzia sataranji, aliiruhusu kwa masharti matatu: isicheleweshe sala, isichanganywe na kamari, na mchezaji ahifadhi ulimi wake na maneno machafu. Masharti hayo yanatosha kuwa kanuni ya nyumba yoyote yenye gemu. Wapo wanavyuoni waliokaza zaidi ya hapo, na anayejizuia kwa tahadhari asibezwe. Ila anayeruhusu, basi aruhusu kwa masharti, na masharti yanahitaji msimamizi.

Kwa vitendo tunashauri haya. Mjomba au shangazi aicheze gemu yote kwanza mwenyewe kabla ya kumpa mtoto, kwani nakala nyingi zinazouzwa mitaani hazina jalada la asili lenye alama ya umri. Gemu ya kuua na kumwaga damu, au yenye uchi, isiletwe mbele ya mtoto hata kama mkubwa aliipenda ujanani. Achague ngazi rahisi, kama wazee walivyochagua bao la kujifunza. Mtoto asikubaliwe kumtukana aliyemfunga. Wasichana wasisahauliwe, kwa maana kisa cha Bibi Aisha (r.a.) ni hoja yao. Muda upangwe kabla ya kuwasha, si baada ya ugomvi kuzuka.

Kwa babu zetu tuna neno la heshima. Shikamooni wazee wetu. Hofu yenu ni ya haki, na wengi wenu mmeona vijana walioharibikiwa. Lakini marufuku huishia mlangoni, na nje ya mlango kuna kibanda. Tunawaomba muwaite wajukuu barazani, muwawekee bao chini ya mwembe, nao wawaonyeshe gemu yao. Mtoto aliyefundishwa na babu kunamua kete hatasita kumweleza babu anachokicheza katika simu. Na mtoto anayeeleza anachokicheza ni mtoto ambaye bado tuko naye njiani.

Wajomba na mashangazi, mchezo ule mlioupenda hautamfanya mpwa wenu awakumbuke kwa dua. Atakumbuka kwamba mlikaa naye, mkacheka alipowafunga, mkasimama pamoja naye kwenda kutawadha.

Wabillahi tawfiq.