Marabi, Maziwa na Jicho la Msimamizi

Wako Waislamu wanaodhani kuwa khitilafu za wanazuoni ni mtihani ulioishukia dini yetu peke yake. Na wawatazame Mayahudi na maziwa yao.

Mishna yao imekataza maziwa aliyoyakama asiyekuwa Yahudi pasina Yahudi kushuhudia, kwa kuchelea yasichanganywe na ya mnyama aliye haramu kwao, kama ngamia (ambaye kwetu ni halali). Hezekiah da Silva, wa karne ya 17, alisema kuwa mji usiouzwa maziwa ya haramu hauhitaji msimamizi. Illa ikiondoka, hukumu nayo huondoka. Moses Sofer (1762–1839) akapinga: katazo lililokwisha pitishwa halivunjwi kwa kutoweka sababu yake.

Huko New York, Rabi Moshe Feinstein (1895–1986) alipita njia ya tatu, nayo ndiyo iliyonivutia. Katazo aliliacha mahali pake, ila akasema kuwa viwanda vinaogopa faini ya serikali, na kujua kwa yakini husimama badala ya kuona. Hata hivyo aliwahimiza wacha Mungu wajizuie, na mwenyewe alijizuia. Hadi leo Orthodox Union ya Marekani huyakubali maziwa hayo; jamaa wa Chabad hawayanywi.

Swali hilo ni letu pia mbele ya kopo la nyama lililotoka ng'ambo na muhuri wa halali. Je, muhuri watosha? Naona watosha iwapo aliyeutia hukaguliwa na huadhibiwa akidanganya. Feinstein hakutegemea neno la mwenye kiwanda. Alitegemea hofu yake.