Majibu ya Bungeni Huanzia Mezani Petu

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 52, inamfanya Waziri Mkuu kuwa Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni. Ibara ya 63 nayo inampa Mbunge haki ya kumwuliza Waziri yeyote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Masharti haya mawili yakikutana pale Dodoma, mwananchi wa Kashai, ambaye huenda hatauona ukumbi huo maisha yake yote, anapata nafasi ya kumwuliza mwenye dola swali na kutazamia jibu. Siyo jambo dogo hilo, na wala halifai kufanyiwa mzaha.

Ndugu watumishi na walimu wanaofuatilia vikao wanajua jinsi mambo yanavyokwenda. Kiongozi anapohitimisha hoja ya bajeti ya ofisi yake, au anaposimama siku ya Alhamisi kujibu maswali ya papo kwa papo, hutakiwa kugusa barabara, dawa, mbolea, mishahara, maji, mipaka ya vijiji, yote kwa muda mfupi. Hapana binadamu awezaye kuyabeba hayo yote kichwani. Hata jibu la papo kwa papo huegemea taarifa zilizokwisha kuandaliwa, na taarifa hizo zilitoka wizarani, zikiwa zimetoka mkoani, zikiwa zimetoka wilayani, na mwanzo wake ni karatasi ya ofisa fulani aliyeulizwa hali ya jambo fulani. Ofisa huyo akiandika kwamba kazi inaendelea vizuri, ilhali anajua fika kuwa imesimama tangu masika, basi Kiongozi wa Serikali atasimama mbele ya Taifa na kusema uongo asioujua. Lawama zitamwangukia yeye. Mwandishi wa karatasi atakuwa ametulia, akisubiri barua nyingine.

Sisemi kwamba majibu yote huishia hewani. Baada ya msiba wa MV Bukoba wa tarehe 21 Mei, 1996, suala la usafiri wa ziwani liliulizwa na kuulizwa tena, na mwaka 2020 MV Victoria iliyokarabatiwa ilirudi kusafirisha watu kati ya Mwanza na Bukoba. Miaka ilikuwa mingi mno, lakini meli ilionekana.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba, 2016 lina funzo la namna nyingine. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha, nyumba kwa maelfu zikabomoka au kupasuka, na shule za Ihungo na Nyakato zikawa magofu. Michango ikatolewa, na kila aliyelala chini ya turubai akahesabu kwamba sehemu yake itamfikia. Serikali ilipokuja kutamka waziwazi kwamba fedha zitaelekezwa kwenye shule, zahanati na majengo mengine ya umma, na kwamba kila mtu atajijengea nyumba yake, wengi walinung'unika, na Wabunge wakayafikisha manung'uniko hayo mahali pake. Kwa maoni yangu, uamuzi wenyewe ulikuwa na hoja ya kuutetea. Shule ya umma haina mwenyewe wa kuijengea. Kilichoumiza ni kwamba neno hilo lilichelewa. Laiti lingesemwa katika wiki ya kwanza, mjane mwenye mabati kumi asingengoja. Angeanza kufyatua matofali.

Hebu sasa tutazame kahawa, maana hapa ndipo jibu na swali hupishana kabisa. Wabunge wa Kagera wamelalamika mara nyingi juu ya butura, yaani ununuzi wa kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kumtupa mkulima. Jibu lililozoeleka ni kwamba butura ni marufuku na watakaokamatwa watachukuliwa hatua. Ni kweli, lakini marufuku haimlipii mtu karo. Mkulima wa Muleba anahitaji fedha mwezi Januari, mtoto anapofungua shule, wakati mavuno yake yapo mbele kwa miezi kadhaa. Mwenye butura anakuja na fedha mkononi siku hiyohiyo. Chama cha msingi kinakuja na stakabadhi. Swali lililopaswa kujibiwa lilihusu mkopo mdogo wa kuvukia miezi hiyo, utatoka wapi na kwa masharti gani. Yeyote aliyewahi kukaa katika kijiji cha wakulima wa kahawa angeweza kuliandika hilo katika taarifa yake. (Na walimu wetu, ambao huwaona watoto wakirudishwa nyumbani, wanalijua kuliko wengi.)

Bunge la Uganda, jirani zetu wa ng'ambo ya Mutukula, lina kamati inayoorodhesha ahadi ambazo Serikali imezitoa ndani ya ukumbi na kuuliza zimefikia wapi. India ilianzisha kamati ya namna hiyo mwaka 1953. Sioni aibu yoyote ya kuiga, wala sioni kwa nini Serikali iliyo makini iogope kusomewa maneno yake yenyewe.

Lakini hata kabla ya kamati, liko jambo lisilohitaji sheria wala fungu la fedha. Maneno ya Bungeni huchapwa katika Taarifa Rasmi. Ofisi ya Mkurugenzi wa Halmashauri inaweza kuchambua kila jibu linalotaja Bukoba au Muleba, kuandika pembeni ni ofisa yupi anahusika na kwa tarehe ipi, kisha nakala moja ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata pale Kashai, na nyingine ikapelekwa katika chumba cha walimu cha kila shule ya sekondari, ili mwalimu wa uraia aisome pamoja na wanafunzi wake.