Fundi Majokofu Afundishwe Kunasa Gesi

Mhariri,

Vyuo vya Arusha vinavyofundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi huandaa mafundi wa kuhudumia mabucha ya Sekei, vyumba vya baridi vya maua huko Usa River na majokofu ya chanjo. Gesi ya R-134a, inayobeba joto kutoka ndani ya jokofu na kulitoa nje, ikivuja huipasha dunia joto kwa zaidi ya mara 1,000 ya hewa ukaa yenye uzito uleule, ndiyo maana makubaliano ya kimataifa yaitwayo Marekebisho ya Kigali ya 2016 yanataka ipunguzwe. Mbadala wake, R-600a, hulipuka kirahisi. Fundi anayechomelea bomba ambalo bado lina gesi hiyo anahatarisha maisha yake na ya wenye nyumba. Kila mwanafunzi, basi, aishike mwenyewe mashine ya kunyonya gesi kabla ya kutahiniwa.

Msomaji,
Sekei, Arusha